Fundi Aliyekataa Nailoni

Ukishuka Kisesa ukashika njia ya kupanda Bujora, ulikuwa unainusa kazi yake kabla hujaiona. Ilikuwa harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta ya sangara, na wageni walidhani pale pana machinjio. Palikuwa na kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa nyumba, kigoda, gogo la kukatia, na mzee mmoja aliyeshona mikanda ya kuwafungia punda kwenye mikokoteni. Wote tulimwita Fundi. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kuniuliza mimi.

Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengi yanayofuata ni manung'uniko, na sipendi mtu afike katikati akadhani sikumpenda.

Mimi ni mjane, nimefundisha dini parokiani kwetu ufukweni kwa zaidi ya miaka thelathini. Kufundisha dini hakujazi sufuria. Kilichokuwa kinanilisha ni punda. Aliitwa Jumanne kwa kuwa nilimnunua mnadani siku hiyo, na alikuwa jike, jambo lililowachekesha majirani mpaka wakachoka wenyewe. Jumanne alivuta mapipa mawili ya maji kutoka ziwani hadi kwenye nyumba za mlimani, ambako bomba limefika lakini maji hayajafika. Alivuta kwa kifua. Na kifuani hapo, kwa miaka minne niliyokuwa mteja wa Fundi, alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja changu, kinachofunga na kufunguka, kinafunga tena, kinafunguka tena.

Kila kilipofunguka nilimpumzisha, na kila nilipompumzisha jirani yangu alisimama kwenye uzio na kunihubiria. Kuna wanunuzi wanaopita vijijini wakitafuta punda kwa ajili ya ngozi zao, na yeye aliwajua.

"Utamkatia majani mpaka lini, mama? Punda asiyevuta ni ngozi inayotembea. Uza, ununue bajaji."

"Bajaji itaingia ziwani?"

"Basi kaa na donda lako."

Sikutaka Jumanne awe ngozi. Shida yangu yote ilikuwa hiyo: nilihitaji mkanda mmoja wa kifua ambao haungemla. Na mtu pekee wa upande wetu aliyeweza kuushona alikuwa mgumu kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nimekaa vikao vingi na wazee wa kanisa.

Alichokijua, alikijua kweli. Sisi watu wa huku tumelelewa na ng'ombe, na tukipata punda tunamfunga kama ng'ombe, nira shingoni. Ng'ombe ana nundu, nira inashika hapo. Punda hana. Nira inamkalia kwenye mfupa, na baada ya mwezi mfupa unauona kwa macho. Kosa hilo limemaliza punda wengi kuliko fisi. Siku moja nilikuwa nimekaa kibandani nasubiri zamu yangu, akaja bwana mmoja na punda wawili chini ya nira ya ng'ombe, anataka tu kushonewa ukanda uliokatika. Fundi alimwambia aivue nira. Akaipokea, akaipima uzito mikononi, kisha akasema kwa upole kabisa, "Inama kidogo, baba."

Yule bwana akainama. Nadhani alifikiri ataonyeshwa kitu chini. Fundi akamvika nira.

"Haya, vuta."

"Nivute nini, mzee?"

"Hilo gogo. Mbona umesimama? Huna nundu?"

"Sina, mzee."

"Na punda wako anayo?"

Tulicheka wote, na wake zake wawili walicheka ndani ya nyumba. Yule bwana aliondoka na mikanda miwili mipya ya kifua, na nira yake ilibaki pale kibandani, kuku wakawa wanalala juu yake.

Hakupima kwa futi. Alikuwa na kamba nyembamba ya katani, akaizungusha kifuani mwa punda, akafunga fundo, begani, fundo, mgongoni, fundo. Kila punda alikuwa na kamba yake imening'inia kwenye msumari ukutani, na ukirudi baada ya mwaka aliishusha kamba yako bila kukosea, akiipitisha vidoleni kama mtu anayesali rozari. Wakati wa kupima hakumwangalia mnyama. Aliweka kiganja kwenye ngozi, akageuza uso upande wa mlima, kama anasikiliza redio ya jirani. Nilivutiwa sana na namna hiyo. Niliwahi hata kuwaeleza watoto wa mafundisho kwamba ndivyo mtu anavyopaswa kuwa kazini, moyo wote.

Kitu kimoja nilikichukia. Hakuwa wa kwanza kumsalimia mtu. Ungesimama mbele yake hatua mbili, na yeye kimya, anakata ngozi yake. Mpaka useme "Shikamoo Fundi," ndipo uso unafunguka.

"Marahaba, katekista! Mwangaluka. Walaji wa samaki hawajambo?"

Mimi ni Mjita, yeye Msukuma mwenye salamu ya kwao mdomoni, na hakuna siku aliyoniacha nikae bila kunikumbusha kwamba nanuka sato. Mtu aliyejipaka mafuta ya sangara mpaka kwenye viwiko! Lakini nilidhani kule kunyamaza kwake ni majivuno, kwamba anataka aanzwe kusalimiwa kama mtemi. Nililiombea, kwamba Mungu amlainishe.

Sasa nieleze ugomvi wetu, maana usipojua tunavyochota maji kwetu hutauelewa. Hatubebi ndoo kutoka majini hadi kwenye mkokoteni. Tunaingia na mkokoteni ziwani, tunaugeuza humo humo, mapipa tunayajaza kwa ndoo tukiwa tumesimama majini, punda naye maji yako kifuani. Kisha anapanda ufukwe na mzigo wote. Mara nne kwa siku, tano wakati wa kiangazi. Mkanda wa ngozi ukilowa unavimba na kurefuka. Ukipanda mlimani unakaukia juani, juu ya mnyama. Jioni unakuwa mgumu kama kigae, na kesho kutwa unapasuka, na pale ulipopasuka ndipo unapochimba.

Nilimweleza haya. Nilimweleza mara ngapi, Mungu anajua. Jibu lake lilikuwa mafuta. "Upake sangara. Pande zote mbili, asubuhi na jioni." Nikapaka. Mkanda wa kwanza ulipasuka pamoja na mafuta yake. Mkanda wa pili niliupaka vizuri zaidi, nikautundika nyuma ya nyumba, na asubuhi nikakuta pete mbili za chuma na kipande cha ukubwa wa ulimi. Mbwa wangu alikuwa amelala pembeni, tumbo limemjaa, hataki hata kunitazama.

Nilipeleka pete zile Kisesa. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mbwa wako ana akili, katekista. Nailoni angekula?"

"Ndiyo maana naitaka, Fundi! Haliwi, hailowi ikavimba, inakauka kabla sijafika mlimani. Nishonee nailoni."

Akaacha kucheka. "Nailoni haina mama," alisema. "Ngozi ilikuwa na mama, iliwahi kuumia, inajua. Kitu kisicho na mama hakina huruma."

Watu wawili waliokuwa wanasubiri walitikisa vichwa kwa namna ya kukubali, na mimi mwenyewe nikajikuta nimetikisa. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akisema neno, linakaa. Unafika nusu ya njia ya kurudi nyumbani ndipo unakumbuka kwamba punda bado ana kidonda.

Basi nilikwenda mjini. Binti yangu anakaa Pasiansi, akanitafutia mikanda mipana ya nailoni, ile ya viti vya magari, na fundi wa mabegi akaishona kwa cherehani kwa kipimo nilichompa. Ilikuwa mizuri, myeusi, myepesi. Siku tatu za kwanza niliimba njiani. Siku ya nne nikaona damu. Nailoni haipasuki, lakini ukingo wake ni kisu, na mchanga wa ziwani ukiingia chini yake unasaga kama jiwe la kusagia. Kidonda kikawa kipana kuliko kilivyowahi kuwa.

Nilirudi Kisesa na aibu yangu mkononi. Aliuchukua ule mkanda, akaupitisha ukingo wake mdomoni, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akautupa nyuma ya kigoda.

"Nilisema."

"Ulisema. Sasa nisikilize na mimi. Ngozi inapasuka kwa maji, nailoni inakata. Tuchanganye. Nailoni nje iwe nguvu, ndani uweke kitu laini. Mikono yako inaweza."

Hapo ndipo aliponitolea maandiko. Mimi, katekista! Alisema imeandikwa kwamba ng'ombe na punda wasifungwe pamoja kulima, wala sufu na kitani visishonwe vazi moja. "Mungu hapendi kuchanganya," alisema. "Sichanganyi."

"Fundi, imeandikwa pia kwamba punda akitumbukia shimoni anatolewa hata siku ya Sabato."

"Atolewe. Lakini kwa kamba ya ngozi."

Watu wakacheka, nami nikashindwa. Nilishonesha mkanda wa tatu wa ngozi kwake, nikijua utakavyoishia, na uliishia hivyo.

Kuhusu maandiko, ni lazima nieleze alikoyapata. Nilimfahamu kwanza kanisani, si kibandani. Kwa miaka kadhaa nilikuwa natumwa kufundisha kigango cha kwao, na kila Jumapili niliona mzee amesimama nje, dirisha la tatu upande wa mlima, mikono nyuma. Haingii. Jua, mvua, yuko dirishani. Watoto wangu wa mafundisho walikuwa wanakosea masomo ya Jumapili iliyopita. Yeye angekurudishia somo la mwezi uliopita neno kwa neno, na kosa alilofanya msomaji. Baada ya mwaka akanifuata akasema anataka ubatizo.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwuliza yale tunayopaswa kuuliza. Alikuwa na wake wawili, wote wa siku nyingi, wote wanaishi ua mmoja. Nikamweleza sheria ilivyo, kwamba hawezi kubatizwa akiwa na wote wawili, inabidi abaki na mmoja.

"Nimwondoe yupi?" aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Sheria ile sikuitunga mimi, na wala leo sisemi ni mbaya. Nilimwambia nitamwombea apate mwanga. Akashukuru, akarudi dirishani, na hakuliongelea tena. Mimi ndiye niliyelibeba. Kila nilipokwenda kushonesha mkanda niliwaona wale wanawake wawili, mkubwa akichambua ngozi juani, mdogo akipepeta mchele mlangoni, na nilikuwa nawaangalia kama mtu anayetafuta mzigo wa kupunguza kwenye mkokoteni. Mungu anisamehe.

Alikuwa na mikasa mingine, na sitaimaliza. Mzee huyu aliyesema nailoni haina huruma alivaa kandambili za plastiki mwaka mzima. Aliwahi kumkatalia kazi tajiri mmoja wa mjini aliyetaka mikanda ya punda wa kubeba watoto kwenye sherehe. Alisema punda hachezewi, na jioni hiyo hiyo nikamkuta anamwimbia punda wa mteja sikioni. Ukimletea mnyama mwenye kidonda hakukuuliza imekuwaje. Alikuambia wewe imekuwaje, na alipatia: umepakia mbele, umefunga miti ya mkokoteni juu, unamkimbiza mteremkoni. Aliijua dunia yote ya punda isipokuwa ufukwe wetu. Nilimwomba mara nyingi aje aone kwa macho jinsi Jumanne anavyoingia majini. Pikipiki ningemletea mimi. "Nitakuja," alisema, na mwaka ukapita. "Maji yanawaka sana," alisema safari nyingine. Nilidhani anatudharau watu wa ziwa.

Mwaka wa nne, mvua za vuli zilipoanza, kidonda kilifunguka vibaya na kuanza kutoa usaha. Nilimpumzisha Jumanne wiki tatu. Mlimani wakapata mtu mwingine wa kuwapelekea maji. Jirani yangu hakunihubiria tena. Alikuja tu akaniambia wanunuzi wanapita Jumamosi, ameshawaelekeza nyumba. Nami sikukataa. Nasema wazi: nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo.

Jumatano asubuhi nilimfunga Jumanne kamba shingoni, nikatembea naye mpaka Kisesa, pole pole. Begani nilikuwa na kikapu: mkanda mpya wa nailoni, uzi wa nailoni, sindano, na hasira ya miaka minne.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, katekista. Umekuja na nani anayepumua hivyo?"

"Jumanne. Jumamosi anachukuliwa."

"Na nani?"

"Na watu wa ngozi."

Alinyanyuka. Akanyoosha mkono, nikampeleka Jumanne kwenye mkono huo. Alipapasa kifua, akafika kwenye kidonda, akanusa vidole vyake.

"Sijaja kubishana," nilisema. "Mkanda huu hapa, uzi huu, sindano hii. Ushone mbele yangu, ndani uweke kitu laini. Ukinipa maandiko leo, nitakaa hapa hapa kwenye kigoda chako na sitaondoka."

Hakunipa maandiko. Alikaa, akachukua sindano, akachukua uzi. Uzi ulipita pembeni ya tundu. Akaulowanisha mdomoni, ukapita pembeni tena. Mara ya tatu alishika sindano mbali, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Uzi wenu mbovu," alisema.

Mke mdogo alikuwa mlangoni na ungo wake. Aliuweka chini. "Baba, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, au namwambia mimi."

Alirudia kulenga tundu la sindano. Yule mama akasubiri kwa heshima yake, kisha akanigeukia. "Katekista, huyu haoni. Jicho la kulia lilizimika zamani, la kushoto linaona mlango tu, kwamba ni mchana. Sindano namtungia mimi asubuhi, kumi na mbili, nazichomeka kwenye sabuni. Ngozi anamchagulia mwenzangu. Yeye anashona kwa kidole. Ngozi ukiitoboa tundu linabaki wazi, kidole kinalikuta. Nailoni ukiitoboa tundu linajifunga. Hawezi kuishona. Hajawahi kuweza."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja, lakini ilichelewa. Kwanza ilikuja hasira.

"Ulinisomea maandiko, Fundi."

"Maandiko ni ya kweli."

"Lakini hayakuwa sababu."

"Hapana," alisema. "Hayakuwa sababu."

"Na ngozi? Ulijua haifai majini?"

Alikuna goti. "Nilijua tangu ile ya kwanza. Ngozi majini ni mfupa."

"Umenishonea mitatu!"

"Ungekwenda kwa nani? Ningekuambia sioni, ungeniletea punda wako? Nani angeniletea?"

Nilitoka nikasimama na Jumanne chini ya upenu. Nilimwomba Mungu anishike ulimi. Aliushika ulimi, moyo aliniachia niushike mwenyewe, na haikuwa kazi ndogo. Mke mkubwa alikuja akaniletea maji ya kunywa. Hakuniomba msamaha kwa niaba ya mumewe. Alisema tu, "Sisi tumezoea, katekista. Wewe ndiyo kwanza leo."

Niliporudi ndani nilimwambia kwamba kama ni mtoto wa jicho, siku hizi mjini anatolewa, mtu anarudi nyumbani anaona, na binti yangu angempokea Pasiansi.

"Nikiona nitaiona mishono niliyoshona nikiwa sioni. Niache."

"Fundi!"

"Tuna mpaka Jumamosi au hatuna? Kata blanketi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye aliketi kwenye kigoda na hakushika sindano hata mara moja. Wanawake walifungua blanketi kuukuu la pamba, mke mkubwa akakata vipande virefu, mke mdogo akatunga sindano, na mimi nikashona. Alitueleza mambo ambayo, nina hakika, yalikuwa kichwani mwake miaka yote minne, yamepangwa, yanasubiri. Ukingo wa nailoni ukunjwe nje mara mbili, usiguse mnyama. Blanketi lisishonewe moja kwa moja, liwe mfuko unaovishwa mkanda, unavuliwa. Uwe na mifuko mitatu, mmoja umevaliwa, mmoja unafuliwa, mmoja unakauka, na ukitoka majini kabla ya kupanda mlima unavua ulioloa unavisha mkavu. Ukanda wa juu ya shingo uwe mfupi, ili mkanda wa kifua usishuke kwenye viungo vya mguu. Nilisikiliza, na kila neno lilinichoma, kwa sababu kila neno lilikuwa sahihi.

Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa. Akapitisha ukingo mdomoni, akapitisha mshono kidoleni.

"Fumua."

Nikafumua. Nikashona tena. Jua likasogea. Nikampa.

"Hapa umeruka, na hapa umekaza. Fumua."

Nililala kwao siku hiyo, mkekani chumbani kwa mke mkubwa, na Alhamisi asubuhi nikaanza upya. Vidole vyangu vilikuwa vimetoboka. Nilishona mpaka saa sita, nikampa, akapapasa, na kabla hajafungua mdomo nikajua.

"Fundi, nimefundisha katekisimu miaka thelathini, sijawahi kumrudisha mtoto mara tatu kwa jambo moja."

"Ndiyo maana wanasahau. Fumua."

Wake zake walicheka wakaficha nyuso kwenye kanga. Mimi sikucheka siku ile. Nilifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, nikisema Salamu Maria moja kila mshono ili nisiseme kingine.

Ijumaa asubuhi aliupapasa mkanda mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema tumfunge Jumanne. Mkokoteni wa mteja ulikuwa uani, tukaupakia mapipa mawili, wanawake wakayajaza maji ya kisimani ili uzito uwe ule ule wa kwetu. Tulimmwagia Jumanne ndoo tatu kifuani na kulowesha mkanda, kama anatoka ziwani, kisha tukavua mfuko ulioloa na kumvisha mkavu. Fundi akaja, mke mdogo akimshika kiwiko. Akaingiza mkono wake wa kulia kati ya mkanda na kidonda, kiganja upande wa mnyama.

"Sasa mwendeshe," alisema.

"Utaumia mkono."

"Mwendeshe, katekista."

Nikamwongoza Jumanne. Alisita, amezoea maumivu mwanzoni mwa kila mzigo, kisha akaweka kifua akavuta. Magurudumu yakaondoka. Fundi alitembea pembeni yake, bega kwa bega, mkono umebanwa mle ndani, kandambili zinaburuza, uso umeelekea mbali. Tulitoka uani, tukashuka njia ile yote mpaka barabara ya lami, na watu wa Kisesa walisimama kutuangalia: punda, mapipa, mzee anayetembezwa na punda, na bibi mbele na kamba. Mara mbili nilimwona Fundi anakunja uso na nikataka kusimama, akaniashiria kwa kidevu niendelee.

Tulipofika lami nilisimamisha. Alivuta mkono wake nje polepole. Ulikuwa na alama nyekundu za mkanda mgongoni mwa kiganja. Akageuza kiganja, kile kilichokuwa kimekaa juu ya kidonda njia nzima, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa, akakiweka mdomoni.

"Kavu," alisema. "Hakuna damu."

Jumanne alikuwa amesimama na mzigo wake, masikio yamelegea, anatafuta nyasi kando ya lami kana kwamba hakuna lililotokea.

"Waambie hao wa Jumamosi wapite zao," alisema. Kisha akaushika tena ule mkanda, akaupapasa mshono wangu kutoka pete hadi pete, na uso ukarudi kuwa ule wa siku zote.

"Lakini mishono hii, katekista, ni ya aibu. Usimwambie mtu ni kazi yangu."